Hasi 40 asubuhi na mapema: uzoefu wangu na mashine ya kupimia giaboksi

Tatizo lilikuwa la asubuhi tu. Nikiingia barabara kuu, injini inalia kwa mizunguko 3,000 kwa dakika kwa mwendo ambao siku zote huhitaji 2,200, na gia zinaingia kwa kishindo utadhani mtu anapiga teke chini ya kiti. Baada ya dakika kama ishirini, ghafla linatulia, unaendesha gari jingine kabisa. Fundi wa kwanza alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema giaboksi imekufa, nitafute nyingine. Wa pili alichomeka mashine yake, akakuta msimbo wa hitilafu P0713, akasema ni sensa ya joto la oili ya giaboksi, nikanunue. Haraka yao wote wawili sikuipenda. Nikanunua mashine yangu.

Tayari nilikuwa na ile ndogo ya bluetuthi inayosomeka kwenye simu. Misimbo inaisoma vizuri, ila kwenye giaboksi ni kipofu: joto la oili haikunionyesha kabisa. Hii mpya ni ya mkononi, ina skrini na kebo yake, na inaingia hadi kwenye kompyuta ya giaboksi. Kabla ya kuulizia bei, ulizia hilo, na uulizie kwa gari lako, si kwa magari kwa jumla.

Asubuhi ya kwanza nilifungua swichi bila kuwasha injini, gari likiwa limelala usiku kucha. Gari lililolala hivyo, maji ya injini, hewa inayoingia na oili ya giaboksi vyote huwa na joto linalokaribiana. Skrini ikanipa hivi: maji 75, hewa 73, giaboksi hasi 40. Nilishtuka, lakini kwa sababu isiyo yenyewe. Maji nyuzi 75 na injini haijawashwa? Kumbe mashine ilitoka kiwandani ikiwa kwenye Farenhaiti. Nikaibadilisha iwe Selsiasi: maji 24, hewa 23, giaboksi hasi 40 vilevile, kwa kuwa hapo ndipo vipimo viwili hivyo hukutana. Mpangilio huo uko ndani ya menyu ya nne. Aliyeuficha huko hajawahi kushika spana.

Hasi 40 haikumaanisha baridi. Sensa hii ni themista, ukinzani wake hushuka oili inapopata joto. Kompyuta huipelekea volti 5 na kusoma kinachobaki. Njia ikikatika popote, volti hubaki juu, na kompyuta inaamini oili imeganda. Ndiyo maana ilikuwa inainyima klachi ya konveta (ile inayofunga injini na giaboksi zizunguke pamoja) ruhusa ya kushika na kuchelewesha gia ya mwisho, ili oili ipate moto. Giaboksi ilikuwa inatii amri, maskini, huku ikihukumiwa kufa.

Sasa njia imekatika wapi? Mashine yenyewe iliandika "badilisha sensa", na hapo naikosoa, kwa sababu P0713 inazungumzia saketi nzima, pamoja na waya na plagi. Nikazima swichi, nikachomoa plagi ya giaboksi, nikatafuta kwenye mchoro wa umeme nyaya mbili za sensa (usikisie hapa), nikaziunganisha kwa kipande cha waya upande wa gari, nikafungua swichi tena. Namba ikaruka kutoka hasi 40 hadi juu kabisa. Basi waya wa nje ni mzima, kompyuta ni nzima. Nikaweka multimita, kipima umeme, kwenye pini za upande wa giaboksi: hakuna kitu, njia imekatika humo ndani.

Nikateremsha sampu, bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, nikaitoa sensa, nikaipeleka jikoni. Kwenye bakuli la maji baridi, multimita kimya. Nikaongeza maji ya birika kidogo kidogo. Kimya, kimya, halafu ghafla ikazinduka na kuonyesha ukinzani wa omu mia tatu na kitu. Ilipopoa ikakata tena. Ile mpya, kwenye bakuli hilohilo, ilianza karibu omu 2,500 ikashuka taratibu bila kuruka. Nadhani lehemu ndani ya ile ya zamani ilikuwa na ufa unaojifunga ukipata joto. Dakika zangu ishirini za kila asubuhi zilikuwa hizo.

Mashine ilinifaa tena wakati wa kurudisha oili. Giaboksi yangu haina kijiti cha kupimia. Kiwango hupimwa kwa tundu la pembeni, injini ikiunguruma na oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45. Nililala chini ya gari nikiitazama namba ikipanda, 33, 34, 36, ndipo nikafungua nati ya tundu hilo.

Nisichokipenda ni kebo fupi, iliyonilazimu kuiegemeza mashine mlangoni na kuchungulia kutoka chini, na skrini ambayo juani haisomeki. Kusasisha programu kunahitaji kompyuta, simu haitoshi. Kwa kusoma namba zikitembea naipa nyota tano, kwa ushauri wake wa matengenezo nyota moja. Msimbo niliufuta siku hiyo na mpaka leo haujarudi. Fundi wa pili anasema si alinambia.