Bonde la Marineris au vilima vya Murray: tuanze na kipi darasani Wete?

Walimu wenzangu, Mirihi ina mandhari mbili zinazogombania kipindi kimoja. Valles Marineris ni bonde lenye urefu wa zaidi ya kilomita 4,000, karibu sawa na Unguja hadi Cairo, na kina kinachofika kilomita 7. Gamba la sayari lilipasuka, maporomoko ya ardhi yakalipanua bonde.

Mimi nachagua vilima vya Murray, ndani ya kreta (shimo la kugongwa na kimondo) ya Gale, lilikopita gari la utafiti la NASA, Curiosity, mwaka 2016. Vilele ni bapa. Kuta ni matabaka ya mchanga uliolundikwa na upepo hadi ukawa jiwe. Chini yake kuna tope la ziwa la kale, nalo limeshakuwa mwamba. Mwanafunzi anasoma tabaka kwa tabaka, kutoka chini kwenda juu, na kuona maji yalivyolipisha jangwa. Na picha zake zilipigwa pale pale ardhini!