Asidi ya sitriki kwa madoa ya kutu: nilivyoiona kazi yake

Bidhaa ninayoizungumzia haina chapa ya kujivunia. Ni asidi ya sitriki, zile chembechembe nyeupe zinazouzwa kwenye pakiti ndogo kwa ajili ya kukolezea vinywaji uchachu na kung'oa ukoko wa chokaa ndani ya birika. Nilianza kuitumia kwenye nguo baada ya dawa nyingine mbili kuniangusha, na sasa ndiyo ya kwanza ninayoiendea doa la kutu linapojitokeza.

Yote yalianza na shati jeupe la pamba nililolitundika, likiwa bado linachuruzika maji, kwenye kiango cha waya kilichobanduka rangi. Asubuhi nilikuta mabegani mistari miwili ya kahawia, imenyooka kana kwamba imepigwa rula. Nililifua kwa sabuni ya unga mara mbili na mistari haikutikisika, jambo ambalo halikupaswa kunishangaza, kwa kuwa kutu ni oksidi ya chuma, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, nayo haiyeyuki katika maji wala haishikwi na sabuni kama inavyoshikwa mafuta. Ndipo nikafanya kosa kubwa zaidi: nikalimwagia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, na mistari ikazidi kukolea. Klorini hufifisha rangi nyingi, lakini chuma hukioksidisha zaidi, kwa hiyo doa badala ya kutoka huganda.

Dawa ya pili ilikuwa ya chupa, iliyotengenezwa mahususi kwa kutu. Haki yake isemwe: ilifuta doa la pindo la shuka kwa dakika chache tu. Tatizo ni kwamba kwenye blauzi ya buluu iliondoa kutu pamoja na rangi ya kitambaa, ikaacha duara jeupe ambalo halifichiki. Maandishi madogo mgongoni mwa chupa yalitaja asidi oksaliki, ambayo ni sumu na hudhuru figo ikimezwa, hivyo glavu ni lazima. Kuna dawa za kutu zilizo kali zaidi, zenye asidi ya haidrofloriki au chumvi zake. Hizo hupenya ngozi, na maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa ilhali madhara yamekwisha kuanza ndani. Dawa ya namna hiyo siiingizi ndani ya nyumba kwa ajili ya shati.

Kwa asidi ya sitriki ninachukua kijiko kikubwa kimoja, gramu 15 hivi, nakiyeyusha katika robo lita ya maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia. Doa nalitandaza juu ya sahani nyeupe na kulimwagia maji hayo hadi lilowe kabisa. Sahani nyeupe ina sababu yake, kwani humwezesha mtu kuona kazi inavyokwenda: ukingo wa doa hulegea kwanza, kahawia hugeuka rangi ya chungwa kisha manjano, na maji yaliyo chini ya kitambaa huanza kuingia umanjano hafifu. Umanjano huo ndio chuma chenyewe kinachotoka. Molekuli ya asidi hii ina vikundi vitatu vya asidi vinavyokikamata chuma na kukifanya kiyeyuke majini, na ndiyo maana siki, ingawa nayo ni kali, haiifikii. Doa bichi huisha kwa dakika 20 hadi 30. Mistari ya lile shati, iliyokwisha kugandishwa na klorini, ilihitaji kumwagiwa mara tatu.

Watakaouliza kwa nini nisitumie limau na chumvi juani wana hoja. Maji ya limau yana asidi hii kwa takriban asilimia 5 hadi 6, karibu sawa na mchanganyiko wangu, na mwanga wa jua kweli huharakisha kuyeyuka kwa chuma. Ila juani kitambaa hukauka na asidi ikabaki humo, ikazidi kuwa kali na kudhoofisha nyuzi za pamba. (Kwa bahati, unga huu wenyewe siku hizi hautoki kwenye malimau. Mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi aliitenga asidi hii kutoka maji ya limau mwaka 1784, lakini sasa sehemu kubwa huzalishwa na kuvu aina ya Aspergillus niger anayelishwa sukari.)

Kasoro zake zipo. Huzila zipu za chuma na huondoa mng'ao wa vifungo vya gamba la chaza, kwa hiyo viweke nje ya maji. Rangi zisizo imara zijaribiwe kwanza upande wa ndani wa pindo. Kamwe isikutane na dawa ya klorini, hata mabaki yake kwenye nguo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu; mimi nililisuuza shati lile kwa maji mengi na kulifua upya kabla ya kuthubutu. Usipige pasi mpaka doa liishe. Na kama maji ya kufulia yenyewe yana chuma zaidi ya miligramu 0.3 kwa lita, madoa yatarudi kila wiki, na hapo kinachohitajika ni chujio la maji.

Kasoro iliyoniudhi kuliko zote ni pakiti yake, ambayo ikifunguliwa haifungiki tena, na unga hunyonya unyevu ukawa jiwe. Nimeuhamishia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa, kwa kuwa ukiutazama haraka hautofautiani na sukari.