Mabegi ya Ortlieb Back-Roller Classic: yanafaa pwani ya Ureno kwa mtu mmoja na hema lake?

Watazamaji wetu, karibuni. Hapa mezani kuna jozi ya mabegi ya baiskeli, Ortlieb Back-Roller Classic, yanayotengenezwa Ujerumani, na leo tunayapima kwa kazi moja tu: mtu anayesafiri peke yake kwa baiskeli na hema, kutoka Caminha kaskazini mwa Ureno mpaka Sagres kule kusini, bahari ikiwa kulia kwake.

Anayeyaona mabegi haya husifu kwanza kwamba hayapitishi maji. Ni kweli hayapitishi. Lakini kati ya Juni na Septemba mvua katika pwani ile ni chache. Kinachoharibu mzigo kule ni mawe ya barabarani, mchanga, chumvi na umande. Ndiyo maana muda mwingi leo tutautumia kwenye kulabu, kitambaa kitafuata baadaye.

Vipimo kwanza, haraka. Jozi nzima inabeba lita 40 na ina uzito wa kilo 1.9. Kila begi linaruhusiwa kubeba hadi kilo 9. Kitambaa ni poliesta iliyopakwa PVC, yaani aina ya plastiki, na mdomo unafungwa kwa kuukunja. Kiwango chake ni IP64, maana yake vumbi haliingii na maji yanayorushwa kutoka upande wowote hayaingii. Si la kuzamisha mtoni. Ndani kuna mfuko mdogo wa nyaraka. Nje hakuna mfuko hata mmoja.

Sasa angalieni nyuma ya begi. Kulabu mbili za juu zinakaa kwenye bomba la keria. Ukivuta mshikio juu, zinafunguka, ukiachia, zinajifunga. Kwa mtu aliye peke yake hili lina thamani kubwa, kwa sababu mkono mmoja unashika baiskeli na mwingine unatoa begi. Mfumo huu unaitwa QL2.1.

Tatizo linaanzia hapa. Kulabu zimechongwa kwa bomba la milimita 16, na keria nyingi za baiskeli za safari zina bomba la milimita 10 au 12. Ndani ya boksi mna viplastiki vya kupunguza nafasi hiyo. Watu huviona vidogo, huviacha kwenye mfuko wake, na begi linakaa tu, linaonekana sawa. Kisha wanaingia miji na vijiji vya kaskazini, kati ya Viana do Castelo na Porto, ambako barabara nyingi zimetandikwa mawe ya granaiti ambayo wenyeji huyaita paralelos. Kila jiwe ni pigo. Kulabu yenye nafasi inacheza, inakula rangi ya keria, halafu inaanza kula alumini yenyewe. Kwa hiyo pima bomba lako, chagua kiplastiki chenye kipimo chake, kisukume mpaka kibane. Ukilishika begi na kulitikisa, lisitoe mlio wowote.

Kulabu ya tatu iko chini, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Kazi yake ni kulizuia begi lisipepee kuelekea nje. Legeza skrubu yake, isogeze na uizungushe mpaka ishike nyuma ya mguu wa keria, kisha kaza. Isiposhika, begi huruka kidogo kwenye kila shimo, na siku ambayo shimo ni kubwa linaweza kutoka kabisa.

Kabla hujakaza kulabu za juu, panda kwenye kiti na uzungushe pedali kinyumenyume. Kisigino kikigusa begi, sogeza kulabu mbele kwenye reli yake, ndipo begi lenyewe lirudi nyuma. Wenye viatu vikubwa, kuanzia saizi 44, wakiwa na fremu fupi nyuma, wasiruke hatua hii. Lakini usilirudishe begi kupita kiasi: uzito ukikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba mlimani.

Mkanda wa begani ndio huohuo unaopita juu ya begi na kulifunga hadi chini. Baada ya kuukaza, ncha inabaki inaning'inia. Ichomeke chini ya mkanda wenyewe. Ikishikwa na spoki ukiwa kwenye mteremko, gurudumu la nyuma linaweza kusimama ghafla.

Je, lita 40 zinatosha? Kwa pwani hii, ndiyo, na ningemshauri msafiri asinunue jozi ya pili ya mbele. Kupiga hema ovyo kando ya bahari hakuruhusiwi, na ndani ya hifadhi ya Sudoeste Alentejano e Costa Vicentina marufuku hiyo inasimamiwa. Utalala kwenye kambi rasmi, parque de campismo. Zipo Porto Covo, Vila Nova de Milfontes, Zambujeira do Mar, Odeceixe, Aljezur na Sagres, na kati ya moja na inayofuata hakuna kilomita 50. Chakula cha siku moja na nusu kinatosha.

Jingine ni upepo. Majira ya joto unavuma kutoka kaskazini, unaitwa nortada, na huwa mkali zaidi mchana kuelekea jioni. Ndiyo sababu safari inafanywa kutoka kaskazini kwenda kusini. Upepo ukiwa mgongoni mabegi hayana shida. Barabara ikigeukia magharibi, kama unapoelekea rasi ya Peniche, unakupiga ubavuni, na mabegi ya mbele yanageuka matanga yanayovuta usukani. Halafu kuna ngazi za stesheni. Treni za mikoa za CP, shirika la reli la Ureno, hubeba baiskeli bila malipo nafasi ikiwepo, ila kuipandisha ni kazi yako mwenyewe, na mabegi manne ni safari tatu za kupanda na kushuka huku hakuna wa kukulindia vilivyobaki chini.

Upakiaji uwe hivi. Begi la kulia: mfuko wa kulalia wa karibu kilo moja, nguo kilo mbili na nusu, godoro la kupuliza nusu kilo. Begi la kushoto: zana na tyubu chini kabisa, juu yake jiko, sufuria na mtungi wa gesi wa gramu 230, na chakula juu. Tofauti ya uzito kati ya mabegi isizidi kilo moja. Gesi ununue Ureno, kwa kuwa ndegeni hairuhusiwi, na kabla ya kulipa hakikisha mtungi una nyuzi za kuskrubu kama jiko lako linavyotaka. Kule mitungi ya Campingaz ya kubofya imeenea sana, na haiingiliani na jiko la nyuzi.

Hema lisiingie ndani ya mabegi haya. Maji ya bahari upande ule ni baridi hata kiangazi, kwa sababu nortada husukuma maji ya juu mbali na pwani na maji ya chini hupanda kuchukua nafasi yake. Hewa inayopita juu yake hupoa, asubuhi kuna ukungu, na hema linaamka limelowa ingawa hakukunyesha. Begi lisilopitisha maji halitoi maji pia. Hema bichi likifungiwa humo mpaka jioni litalowesha nguo zote, na likikaa siku mbili litanuka ukungu. Lifunge juu ya keria, kwa upande, kwenye mfuko wake, na ukisimama kula mchana lianike dakika 20. Jua la Ureno linamaliza kazi.

Kukunja mdomo: toa hewa yote kwanza, kunja mara tatu au nne, ndipo ufunge. Mkunjo mmoja hauzuii maji. Ukijaza begi mpaka unakosa nafasi ya kukunja, umebeba mzigo kupita kiasi.

Mchanga. Kusini ya Porto kuelekea Espinho, na tena kwenye rasi ya Tróia baada ya kuvuka na pantoni kutoka Setúbal, upepo unamwaga mchanga barabarani. Ukiingia kwenye kulabu, kulabu inakataa kujifunga hadi mwisho, nawe hutagundua kwa kutazama. Sikiliza mlio wa kubofya. Usipousikia, suuza kulabu kwa maji baridi na ujaribu tena. Usitie oili, maana oili hushika mchanga ukageuka msasa. Chumvi nayo inashika bolti za keria: kila baada ya siku tatu hivi zikague kwa spana, hasa zile mbili za chini karibu na ekseli. Siku za barabara ya mawe, kagua kila jioni. Bolti moja ikidondoka, keria inageukia kwenye gurudumu. Beba mbili za akiba, saizi M5, yaani kipenyo cha milimita 5, kwa keria nyingi.

Kasoro sasa. Kukosa mfuko wa nje kunaudhi. Koti la mvua na chupa ya maji ya ziada havina pa kukaa, na mfuko wa nje unauzwa peke yake. Pili, urahisi wa kulitoa begi ni wa kila mtu, akiwemo mwizi. Usipokuwa na kebo ya kulifunga, pasipoti, pesa na simu vikae kwenye mfuko wa usukani unaoingia nao dukani. Tatu, bei: zaidi ya euro 100 kwa jozi. Begi likichanika, kausha, bandika utepe mgumu wa gundi ndani na nje, litafika. Kiraka cha tyubu hakishiki vizuri kwenye PVC. Kulabu, reli na mikanda vinauzwa kimoja kimoja, na udhamini ni wa miaka mitano, kwa hiyo hata jozi iliyotumika ni ununuzi mzuri ikiwa kitambaa cha chini hakijatoboka.

Anayebana matumizi aangalie Back-Roller City ya kampuni hiyohiyo. Ujazo ni uleule wa lita 40, ila kulabu ni za mfumo rahisi wa QL1. Kwa njia za lami ningeichukua bila wasiwasi. Kwa mawe ya kaskazini ya Ureno ningeongeza pesa nichukue Classic, na viplastiki ningevifunga nyumbani kabla baiskeli haijaingia kwenye boksi la ndege.