Uzoefu wangu: nyumba ya Bayleaf, Makumbusho ya Weald and Downland, Uingereza

Makumbusho haya yako katika kijiji cha Singleton, Sussex Magharibi, na kazi yake ni kuokoa majengo ya kale ya vijijini: jengo lililokuwa libomolewe hufunguliwa kipande kwa kipande, kisha husimamishwa upya uwanjani hapo. Bayleaf, nyumba ya mkulima mwenye uwezo wake, ilihamishwa kutoka Kent kupisha ujenzi wa bwawa la Bough Beech mwishoni mwa miaka ya 1960. Nilikwenda kwa ajili ya nyumba hiyo tu, na kiingilio changu hakikupotea bure.

Ukumbi wake ni wa mwanzoni mwa karne ya 15. Vyumba vya mwenye nyumba viliongezwa takriban miaka mia moja baadaye. Kiunzi chote ni mti wa mwaloni. Ukisogea karibu na nguzo utaona jinsi ulimi wa boriti unavyoingia katika tundu, kisha kigingi cha mbao kikapigiliwa kupita vyote viwili. Kwa kuwa mwaloni ulichongwa ungali mbichi, kadiri ulivyokauka ndivyo maungio yalivyozidi kubanana. Kati ya nguzo na nguzo kuna kiambaza hasa, fito zilizosukwa na kukandikwa udongo, kazi ambayo mtu wa Pwani ataitambua kabla hajaelezwa.

Ukumbi ndio ulionishika zaidi. Hauna dari wala dohani: moto huwashwa katikati ya sakafu ya udongo, moshi ukapanda hadi kwenye kenchi na kujitafutia njia kati ya vigae. Madirisha hayana vioo, ila nondo za mbao na vibao vya kufungia, hivyo anayetaka mwanga hana budi kuupokea pamoja na upepo. Ni ukumbi wenye haiba kubwa, lakini nisingependa kulala humo mwezi wa Januari. Pande zake mbili zina ghorofa iliyochomoza mbele, nalo paa moja limefunika vyote, likishikwa juu ya ukumbi na mbao zilizopinda.

Kwa anayetaka kuelewa ujenzi badala ya kupiga picha tu, nashauri aanzie kwenye nyumba ndogo ya Hangleton iliyo uwanjani humo, iliyojengwa upya kwa kufuata mabaki ya nyumba za karne ya 13 yaliyofukuliwa, yenye kuta za mawe ya gumegume, kwa sababu vilima vya chokaa vya huko vina gumegume tele, ilhali mialoni mikubwa ilistawi katika udongo mzito wa Weald, eneo la misitu lililo jirani na vilima hivyo. Kisha aje Bayleaf, na amalizie Pendean, nyumba ya shamba ya mwaka 1609, ambamo moto umekwisha kufungiwa ndani ya dohani ya matofali katikati ya nyumba, na kwa kuwa moshi hauhitaji tena ukumbi mtupu, ghorofa imetandazwa juu ya vyumba vyote.