Zimamoto: moto waliuzima, kofia ikaniudhi

Nyota 3 kati ya 5, na nyota zote tatu ni za ule usiku wenyewe.

Jiko la mzee jirani yangu lilishika moto zikiwa zimebaki wiki mbili uchaguzi ufike. Nilipiga namba ya dharura, ikapokelewa papo hapo. Dada wa upande wa pili aliniuliza mambo matatu: uko wapi, kinachoungua ni nini, kuna mtu ndani? Akanionya nisithubutu kufungua mlango wa jikoni kuchungulia, maana hewa ikiingia moto unapata nguvu. Jina langu aliliuliza mwisho kabisa. Vijana walipofika walikata umeme, wakavuta mpira, na haukupita muda kikabaki moshi na ile harufu ya plastiki iliyoungua.

Ndipo kiongozi wa kikosi akavua helmeti, akaingiza mkono kwenye kiti cha mbele cha gari, akatoa kofia ya kampeni yenye rangi za chama na sura ya mgombea, akaivaa. Kioo cha mlango wa dereva nacho kilikuwa na stika ya chama hichohicho. Sasa mzee ni shabiki wa chama kingine, na bendera yake ilikuwa pale getini, imelowa chapachapa kwa maji ya mpira wao. Akaitazama bendera, akaitazama kofia, akaninong'oneza: "Kumbe ndiyo maana walichelewa?"

Kweli tulisubiri dakika 24. Kwa mtu anayetazama nyumba yake ikiungua, hizo ni nyingi.

Niliandikia idara malalamiko mawili, na ninafurahi kwamba niliyatenganisha: moja la kuchelewa kwa sababu za kisiasa, jingine la kofia na stika. Fomu yao ni kichekesho, imeacha mistari minne ya "maelezo mafupi", kwa hiyo niliambatanisha barua. Humo niliomba kumbukumbu za simu yangu. Hilo nawashauri wote mnaotaka kulalamika: msibishane nao kwa hisia, ombeni saa simu ilipopokelewa, gari lilipotumwa na lilipofika. Vyumba vya simu za dharura huandika hayo yote.

Karatasi ilipokuja ilinitia aibu kidogo. Simu yangu, saa 2:14 usiku. Gari la kituo cha karibu lilikuwa kwenye ajali ya barabarani tangu saa 1:50. La kituo cha mbali likatumwa saa 2:16, likafika saa 2:38. Siasa haikuwamo hata chembe. Lalamiko la kwanza nililifuta kwa maandishi, nikampelekea mzee nakala ya ile karatasi. Aliisoma mara mbili, akairudisha bila neno.

La pili sikulifuta. Jibu lao la kwanza lilisema moto ulikuwa umeshazimwa wakati kofia inavaliwa, hivyo "huduma haikuathirika". Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Nani alizungumzia maji? Msalaba Mwekundu, katika misingi yao 7 iliyopitishwa Vienna mwaka 1965, wanatofautisha mambo mawili ambayo idara hii inayachanganya. Kutopendelea ni kumsaidia mtu kwa kadiri ya shida yake, basi. Kutoegemea upande ni kujiweka mbali na mabishano ya kisiasa ili watu wote waendelee kukuamini. Vijana wale walifaulu la kwanza, wakaanguka la pili. Askari apige kura yake, nyumbani kwake akitaka apake ukuta rangi za chama, simzuii. Lakini akiwa ndani ya sare, mbele ya gari tunalolilipia sote, hapana.

Nikakata rufaa. Baada ya wiki sita wakakubali: kiongozi ameonywa, stika imebanduliwa, na magari yatakaguliwa kabla ya kutoka kituoni. Atakayekagua ni nani, barua haisemi. Mzee mwenyewe, aliyeunguliwa na jiko, hawakumwandikia hata mstari mmoja. Na ile stika imeacha alama ya gundi kwenye kioo, umbo lilelile, ukiijua, unaiona.

Nimeiona juzi. Mzee alinigongea alfajiri, pumzi juu: mtungi wake wa gesi unavuja, ameshatoa watu nje, taa hajagusa. Simu yake ilikuwa mkononi, inawaka. Nikamuuliza, mzee, umeshawapigia?

"Piga wewe, mwanangu," akasema. "Wewe hawakujui."

Nikapiga. Walifika baada ya dakika 9.