Uzoefu wangu: kuhama benki ukiwa na mkopo wa mshahara

Kufungua akaunti mpya siku hizi si kazi. Wakala wa pale Mbagala Zakhem alinihudumia nikiwa nimesimama, begi mgongoni. Unataja namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, zile tarakimu 20, unaweka kidole kwenye kimashine, basi. Kidole changu kilikataa mara ya kwanza. Wakala, bila hata kuinua macho, akaniambia nikipitishe kwenye paji la uso kishike mafuta kidogo. Kikasoma. Namba ya akaunti ikaja kwa meseji, kadi nikaifuata tawini baadaye.

Kama huna mkopo na mshahara wako haupitii benki, kwako habari inaweza kuishia hapo. Mimi nilikuwa na vyote viwili.

Benki ya zamani nilijiunga nayo Morogoro nikiwa mwanafunzi. Kero zake nilishazizoea: makato ya kila mwezi, programu ya simu inayolala tarehe za mshahara, madirisha matano na mhudumu mmoja. Kilichonitoa ni riba. Maafisa wa benki nyingine walikuja ofisini kwetu Kurasini (tunashughulika na kutoa mizigo bandarini) wakasema mwenye mkopo kokote watamnunulia deni na riba itashuka. Nikajaza fomu.

Sasa, mkopo wa mshahara una kamba yake. Unapoukopa, mwajiri anasaini kwamba mshahara wako utapita benki ile mpaka deni liishe. Mhasibu wetu alinicheka nilipomwomba abadilishe namba ya akaunti. "Mdogo wangu, niletee kwanza barua kwamba hawakudai." Na benki mpya, ili ilipe deni, nayo inataka barua ya benki ya zamani inayoonyesha salio la mkopo.

Hapo ndipo nilipoanza kupigwa danadana. Mhudumu akanielekeza kwa afisa mikopo, afisa mikopo katoka, njoo kesho. Nilipompata akaanza kunibembeleza: kwa nini nahama, tuzungumze, naweza hata kuongezewa. Nikamwambia, kaka, sitaki nyongeza, nataka karatasi yenye muhuri.

Karatasi yenyewe inachacha haraka. Riba inaendelea kuhesabiwa kila siku, na rejesho la mwezi likikatwa salio linabadilika. Huku benki mpya ina kamati yake ya kupitisha mikopo, haina haraka na wewe. Barua ya kwanza ikapitwa na wakati ikiwa mezani kwao, nikarudi kuomba nyingine, na yule kaka akanisubirisha vilevile. Hatimaye deni likalipwa. Lakini kilichotumwa ni kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye barua, na riba ya siku za katikati haikuwamo. Vikabaki vishilingi vya kununulia vocha. Mimi najua nimemaliza. Mfumo wao unajua mkopo bado uko hai. Mshahara uliposoma, wakakata rejesho zima kama kawaida, na benki mpya nayo inasubiri rejesho lake la kwanza. Mwezi ule nyumbani tulikula maharage mpaka watoto wakauliza.

Pesa walirudisha, ila si kwa hiari. Niliandika barua, nikaandika ya kukumbushia, mwishowe nikataja mapokezini kwamba Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja wa benki. Sikufika huko. Meneja wa tawi alitoka ofisini mwenyewe.

Kwa hiyo ukihama, muulize afisa wa benki ya zamani deni litakuwa shilingi ngapi siku ile pesa itakapoingia, acha habari ya siku ya kuandika barua. Ikibidi weka akiba kidogo kwenye akaunti ya kufunika riba ya siku hizo. Halafu usiondoke bila barua ya kumaliza deni.

Majina nayo. NIDA yangu ina majina matatu, orodha ya mishahara ofisini ina mawili, na moja limeandikwa kwa herufi nyingine. Mshahara wa kwanza kwenda benki mpya ukagoma, ukarudi kwa mwajiri. Wenye cheti kinachosema hivi na NIDA inayosema vile, malizeni hilo kwanza.

Kuhamisha salio halikuwa tatizo. Kwa mfumo wa TIPS wa Benki Kuu, hela inatoka benki moja kwenda nyingine papo hapo, kwa simu. Tatizo ni watu wenye namba yako ya zamani. Mpangaji wa nyumba ya mama kule Muheza nilimwandikia, nikampigia, na bado kodi akaiweka kulekule.

Kufunga akaunti, wakaniambia niende tawi nililofungulia. Morogoro! Nikagoma, nikakaa kwenye kiti, wakaandikiana barua pepe. Nikajaza fomu, nikalipa ada ya kufunga, kadi ikakatwa kwa mkasi mbele yangu.

Je, imelipa? Riba imeshuka kweli. Ila rejesho langu limepungua pia kwa sababu muda umeongezwa, jambo ambalo wale maafisa hawakulisema kwa sauti kubwa, na kwenye mkopo mpya wakakata ada ya kuushughulikia na bima kabla sijagusa kitu. Piga hesabu ya jumla utakayolipa mpaka mwisho, usitazame ya mwezi peke yake. Yangu ilitoka na nafuu, si kubwa kama nilivyoahidiwa.

Benki mpya naipa nyota nne. Simu wanapokea, na programu yao haijawahi kunigomea tarehe za mshahara. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya ATM yao ya Rangi Tatu, ambayo mwisho wa mwezi ikifika jioni noti za elfu kumi zimekwisha, inatema za elfu tano, na foleni imefika kwenye bodaboda.