Mishale ya kaboni namba 340 na vyembe vyake kwa hali ya hewa ya Mtwara

Namba 340 ni kipimo cha ugumu: ikipungua, mshale unakuwa mgumu zaidi. Kwa upinde wa kapi (wenye magurudumu) wa nguvu ya kuvuta ya ratili 65 na mshale wa inchi 29, namba 340 inafaa. Wa 400 ni laini mno, hupepesuka ukitoka kwenye uzi.

Unyevu wa pwani haupindi kaboni kama unavyopinda mti. Shida iko kwenye vyembe, yaani ncha za chuma zenye makali: upepo wa chumvi huvitia kutu makalini, hivyo vipakwe mafuta ya cherehani. Chukua vyenye makali yasiyofunguka, gramu 6.5; vile ambavyo makali hufunguka vikigonga hupoteza nguvu, na mchanga hukwama kwenye bawaba.

Kabla ya kulenga, pinda mshale taratibu karibu na sikio. Ukitoa mlio wa kupasuka, uvunje! Ukipasukia kwenye upinde, vibanzi vyake huweza kutoboa kiganja.